Ushauri kwa Kijana Anayetaka Kuishi kwa Orutu

Vijana wanaonijia wakitaka kufundishwa orutu, ala ya Wajaluo wa Kenya inayopigwa kwa upinde, huuliza kwanza kuhusu vidole: vikae wapi juu ya uzi, viende kasi gani, na itachukua muda gani kabla ya kupiga mbele za watu. Mimi huwaambia kwamba mpiga orutu wa kijijini, huku kwetu Siaya, huishi kwa kuwafahamu watu zaidi ya anavyoishi kwa kuufahamu uzi wake. Ala yenyewe ina uzi mmoja tu, na kijana mwenye sikio zuri ataumudu. Lakini majina, koo na mashemeji wa tarafa nzima havifundishwi na mtu yeyote.

Sababu ni pakruok. Muziki ukiwa umekolea, mtu husimama katika hadhira, husimamisha wimbo, hutoa pesa, kisha hujisifu au humsifu rafiki yake, ukoo wake au nyumbani kwa mama yake kwa maneno ya mafumbo. Mpigaji hushusha upinde na kumwacha aseme, halafu humrudishia sifa zile ndani ya wimbo zikiwa zimepambwa zaidi. Hapo ndipo riziki ilipo, kwa sababu malipo ya mwenye shughuli mara nyingi hutosha nauli na chakula tu. Ukikosea ukoo wa mtu aliyekutuza, hatasimama tena usiku ule, na ndugu zake wataketi pamoja naye.

Kwa hiyo, unapoalikwa matangani, fika mapema, kabla ya jua kutua, ukaketi na wazee wa boma. Uliza marehemu alizaliwa na nani, alioa wapi, na ni wakwe gani wanaotarajiwa. Wake wa Kijaluo huitwa kwa mahali walikotoka, kama vile Nyar Gem, yaani binti wa Gem, Nyar Alego au Nyar Sakwa, na mama mkongwe akisikia kwao kukitajwa na uzi wa orutu, atacheza hata kama magoti yalimgomea tangu asubuhi. Usimruhusu tajiri mmoja aununue usiku wote. Mpe zamu yake, mshukuru, kisha ugeukie upande wenye shati lililochakaa, kwa maana huko nako kuna majina. Siku hizi wengi hutuza kwa M-Pesa, jambo ambalo binafsi silipendi sana, kwani noti inayopeperushwa hewani huwachochea wengine ilhali ujumbe wa simu hausikiki.

Kuhusu mgao, kubalianeni kabla ya kuondoka nyumbani. Anayegonga ong'eng'o, ile pete ya chuma, na anayepiga ngoma wamekesha kama wewe, na vikundi vingi nilivyoviona vikivunjika vilivunjwa na fedha za pakruok zilizohesabiwa gizani na mtu mmoja.

Ala itunze. Ngozi ya kenge iliyowambwa kwenye kopo la mti hulegea usiku wenye umande na sauti ikawa nzito, basi isogeze karibu na moto, lakini isiwe karibu mno. Beba uzi wa akiba na utomvu wa kupaka upinde, kwa sababu upinde mkavu huteleza bila kutoa sauti.

Shamba usiliache. Vipaza sauti vya disko matanga na ohangla, ngoma yetu ya Kijaluo ambayo sasa hupigwa kwa kinanda, vimechukua shughuli nyingi ambazo zamani zilikuwa zetu, na sioni faida ya kuwalaumu vijana kwa hilo, kwa kuwa hata benga waipendayo iliazima mwendo wa gitaa lake kutoka kwa nyatiti, kinubi chetu cha nyuzi nane, na orutu. Tafuta kazi mahali ambapo kinanda hakiwezi kuchukua nafasi yako. Mojawapo ni shuleni: Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, huwa na mashindano ya nyimbo za kienyeji, na walimu huhitaji mtu wa kuwanoa wanafunzi wao. Nenda ukajitambulishe mwanzoni mwa mwaka, wala usisubiri waanze kukutafuta mashindano yakiwa mlangoni. Lipwe kwa kila siku unayofundisha, si mwisho wa mashindano, kwa kuwa shule iliyotolewa mapema huwa na haraka ya kumsahau fundi wake wa orutu.