Mnaohamia Kolwezi, someni hapa kwanza

Maswali yenu, watu wa Lubumbashi, ya kuhamia Kolwezi, mji wa migodi wa jimbo la Lualaba huku Kongo, yamejaa tena. Nimechagua machache. Lile la "Wachina wanaajiri lini?" sitalijibu tena, maana wanaoliuliza hawasomi majibu.

Nimepata nyumba kupitia komisioneri (dalali). Anataka garanti (amana ya nyumba) ya kodi ya miezi sita pamoja na pesa yake mwenyewe, nitume kwa simu kabla sijafika. Nitume? (Baba wa watoto watatu, Katuba)

Usitume, papa. Jibu lingeishia hapo, lakini najua vidole vinakuwasha. Sheria ya upangaji ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Wenye nyumba wengi wanaichukulia kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Wanadai zaidi, tena kwa dola, kwa sababu kuna kampuni zinazowalipia wafanyakazi wao kodi bila kubishana bei, na wewe unashindana na kampuni hizo. Ukishindwa ubishi huo, angalau mkataba uandikwe, na jina la anayepokea pesa liwe la mwenye parsele (kiwanja).

Halafu fika mwenyewe. Usidanganywe na bomba linalotoa maji siku ya kuoneshwa nyumba. Angalia uani: ukikuta bidoni (madumu) za njano zimepangwa ukuta mzima, na pipa chini ya kila pembe ya bati, umeshajibiwa. Tazama na kuta. Machimbo yako ndani ya mji wenyewe na baruti inalipuliwa. Ufa mpya uliozibwa kwa simenti na kupakwa rangi juzi unaonekana ukisimama kando ya ukuta, si mbele yake. Na habari za usalama wa usiku waulize akina mama majirani.

Umeme upo? (Kampemba)

Mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke yako huko huko upande wa Kolwezi. Hata hivyo, nenda na taa ya sola.

Kuna mtu anaweza kuniingiza mgodini kwa dola 300. Nina graduat (cheti cha chuo cha miaka mitatu) ya umeme. (Kijana, Ruashi)

Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Anayekuuzia kazi hana kazi. Akiwa nayo atampa mdogo wake. Tangu sheria ya Februari 2017, sutretansi (kazi ambazo mgodi unazikabidhi kwa kampuni nyingine) ni ya kampuni zenye mtaji ambao sehemu kubwa yake ni ya Wakongomani, kwa hiyo huenda mkataba wako ukawa na kampuni ndogo ambayo hujawahi kuisikia, wala si na mgodi unaouona kwenye bango. Uliza mkataba wake na mgodi unaisha lini, maana na wako utaishia hapo hapo. Uliza kama watakuandikisha CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Akianza kucheka, rudi nyumbani.

Ninauza unga soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Dada zangu wanasema Kolwezi ndiko pesa iko. Nihamishe biashara? (Mama wa Kenya)

Mama, dada zako hawadanganyi. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti (madini ya betri) yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka Lualaba. Lakini uliza pesa hiyo inapitaje mpaka ifike kwenye meza yako. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa miezi minne kwa kuwa bei ilikuwa imeanguka. Juni ikaongeza mitatu. Oktoba ikafungua, lakini kwa kiwango maalumu kwa kila kampuni. Shaba haikuguswa. Kwa hiyo wateja wawili wanaosimama mbele yako, mmoja anayelipwa na mgodi wa shaba kila mwisho wa mwezi na mwingine mchimbaji wa mkono anayeuza gunia lake kwenye depo la wanunuzi wa madini, hawana mfuko mmoja. Wa pili ananunua vizuri akipata, tena anapenda kuitwa boss. Depo likifunga, daftari lako la madeni ndilo linalokula hasara. Mkopeshe wa kwanza. Wa pili alipe papo hapo, hata kama ni mtoto wa dada yako.

Na unga wenyewe? Mwingi tunaokula unatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, unapita hapa kwetu, kisha unaongezewa kilomita 300 hivi za barabara mpaka Kolwezi. Zambia ikipata ukame kama wa 2024, bei inapanda hapa, kule inapanda zaidi. Usiuze meza yako ya Kenya. Peleka magunia kwanza, dada mmoja ayauzie huko kuanzia Desemba hadi Machi, mahindi yanapoadimika, kisha mhesabu pamoja gari, ushuru na magunia yaliyolowa njiani.

Jambo ambalo hukuniuliza: usimtume mtoto kuuza unga machimboni. Atarudi na pesa, na kesho hatarudi shuleni.

Parsele ya bei nafuu, karatasi ya chefu (kiongozi wa eneo) ipo. Ninunue?

Hujasema iko wapi, na ninaona kwa nini. Mwaka 2014 mkaaji wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, alichimba uani kwake akakuta kobalti. Mtaa mzima ukatobolewa hadi chini ya vitanda, na baadaye sehemu ikazungushiwa ukuta, watu wakahamishwa. Kilichomo chini ya ardhi ni cha Serikali, hata kama umejenga orofa juu. Karatasi ya chefu haikupi umiliki. Unataka hati ya usajili ya ardhi kutoka kwa konsavateri (msajili wa ardhi). Pita pia kadastri ya madini, CAMI, ofisi inayotunza ramani za maeneo ya migodi, uone kama parsele yako haimo ndani ya eneo la kampuni. Ukinunua ili uchimbe usiku, usiniandikie tena.

Likasi si afadhali? (Mstaafu, Kamalondo)

Kwako, ndiyo. Kilomita 120 tu kutoka hapa, unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kodi ni nafuu, mji umetulia. Kwa mfanyabiashara ni shida, maana wateja nao wametulia.

Shemeji amesema nikae kwake mpaka nipate kazi. Nikubali?

Zungumza na dada yako kwanza, kwa kuwa yeye ndiye atakayesonga bukari (ugali). Akikubali, fika na mfuko wa unga na makala (mkaa), na mkubaliane siku ya kutoka kabla hujafungua begi.