Muulize Mkutubi: Makala niliandika mimi, mbona nadaiwa pesa kuisoma?

SWALI: Shikamoo Mkutubi. Mimi nafundisha chuo huku Mbarara. Mwaka jana nilitoa makala kwenye jarida moja la nje, ni utafiti wa mnyauko wa migomba, nikafurahi kweli. Juzi mwanafunzi wangu kanifuata, mwalimu ile makala yako inataka dola 35 kuifungua, nikadhani anatania, nikaingia mwenyewe na mimi nikadaiwa! Basi nikachukua ile PDF waliyonitumia, nikaipeleka maktaba waiweke kwenye ripozitori ya chuo (ile hazina ya mtandaoni ya kazi zetu), wakaikataa, eti niwaletee "toleo lililokubaliwa". Ndiyo kitu gani hicho? Na mbona wakatae kazi ya mtu wao? (Mhadhiri, Mbarara)

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole. Hao wa maktaba usiwanunie, wamekuepusha na balaa. Hebu kumbuka siku makala ilipopita, si walikutumia fomu wakasema weka saini tuendelee? Ukaweka, maana nani anasoma kurasa nne za sheria siku ya furaha. Wengi wetu hapo ndipo hakimiliki inapoondoka, na ile PDF ya kupendeza yenye nembo na namba za kurasa inakuwa ya kwao.

Ila hawakuchukua vyote. Kuna rasimu uliyopeleka mwanzo kabisa, kuna ile uliyorekebisha baada ya maoni ya wapitiaji (wale wataalamu jarida linaowapa waikague) mpaka mhariri akasema sawa imepita, halafu kuna hiyo waliyoipanga wao ikapendeza. Ya katikati ndiyo toleo lililokubaliwa. Maneno yaleyale, majedwali yaleyale, ila imekaa ki-Word, mistari imeachana na picha zimesukumwa mwisho. Wachapishaji wengi wakubwa wanakubali hiyo iwekwe ripozitori ya chuo na hulipi hata mia, kinachotofautiana ni kusubiri: Sage wanaruhusu wakati wowote, Springer kwa kawaida wanataka miezi 12 tangu ichapishwe, Elsevier inategemea jarida lenyewe, mara nyingi ni kati ya 12 na 24. Usikariri hizo namba maana zinabadilika, andika jina la jarida lako kwenye tovuti ya Open Policy Finder ya shirika la Jisc kule Uingereza (wengi bado tunaiita Sherpa Romeo), ni bure na haitafuni bando.

Sasa maumivu yenyewe yako kwenye faili. Nimekaa dawati la ripozitori miaka mingi na sheria haijawahi kunitoa jasho kama faili la Word. Alikuja profesa mmoja na flashi, ndani mna makala_final, makala_final2, makala_FINAL_kweli, na nyingine ya mwandishi mwenzake imeandikwa "final ya leo", nikamuuliza ipi sasa, akanitazama tu. Tukazifungua moja moja mpaka chai ikapoa. Kilichotuokoa ni ile barua aliyowajibu wapitiaji, alikuwa ameandika humo kwamba Jedwali la 3 ameliondoa kwa sababu mpitiaji wa pili hakulitaka (huyo wa pili jamani!), basi tukatafuta faili lisilo na Jedwali la 3 na lilikuwa moja tu, tena ndilo lile lenye jina la ovyo kuliko yote.

Kwa hiyo mwalimu, kabla hujakata tamaa ingia kwenye akaunti uliyotumia kupeleka makala, ile ya kwenye mfumo wa jarida, mara nyingi faili la marekebisho ya mwisho bado limelala humo. Hulioni, waulize ulioandika nao, na upekue imeili za wiki ile uliyojulishwa imepita. Kuchukua PDF yao na kufuta nembo usijaribu, kufuta nembo hakuifanyi iwe yako. Na makala ijayo, siku ileile unayopata barua ya kukubaliwa, lipe faili jina lenye neno "lililokubaliwa" na tarehe, ulitume maktaba kabla hujaenda kusherehekea.

Usingoje miezi iishe ndipo ulete. Ripozitori nyingi, hata ya Makerere, zinatumia programu iitwayo DSpace, nayo inaweza kulifunga faili mpaka tarehe mtakayoweka, huku jina la makala na muhtasari vinaonekana na Google inavipata. Kama maktaba yenu wamewasha kitufe cha kuomba nakala, huyo mwanafunzi wako atabonyeza, ombi likielekezwa kwenye imeili yako wewe ndiye utaamua kumtumia.

SWALI: Mkutubi, kuna jarida limenitajia ada ili makala yangu iwe wazi, isomwe bure na yeyote. Sina hela hiyo. Kuna njia? (Mtafiti, Gulu)

JIBU: Ndiyo hiyo niliyomweleza mwalimu wa Mbarara, ya kuweka mwenyewe ripozitori. Ada hizo nyingine ni kichekesho, jarida la Nature walipoanza mwaka 2021 walitaka Euro 9,500, hiyo kwa shilingi yetu ya Uganda inapita milioni 35, ng'ombe wangapi hao? Lakini uliza kwanza kama wanasamehe, wachapishaji wengi wana msamaha kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini na Uganda mara nyingi imo. Uliza kabla hujapeleka, ukishapokea ankara inakuwa mazungumzo mengine. Na si kila jarida linadai kiasi hicho. African Health Sciences ya hapo Makerere kwa mfano inasomwa bure na yeyote, ila ada ya mwandishi iulizie.

SWALI: Mimi makala zangu zote ziko ResearchGate, ule mtandao wa watafiti. Bado maktaba wananisumbua, kwani haitoshi? (Anayesumbuliwa, Kampala)

JIBU: Haitoshi ndugu yangu. Ile ni kampuni iko Berlin, kesho wakibadili masharti hakuna wa kumlalamikia, na mwaka 2017 wachapishaji Elsevier na American Chemical Society (chama cha wanakemia wa Marekani) waliwashtaki kwa sababu ya hizohizo PDF watu wanazopandisha bila kuangalia. Weka faili sahihi ripozitori ya chuo, halafu kiungo chake ndicho ubandike kwenye profaili yako huko ResearchGate. Wasomaji wako watafika vilevile.