Konde, kofi na jicho lililovimba

SWALI: Mathayo 26:67 inasema Yesu alipigwa makonde, wengine wakampiga makofi. Je, Kigiriki nacho kinatofautisha, au ni mapambo ya mfasiri?

JIBU: Kinatofautisha, ndugu yangu. Konde ni *kolafizo*, kupiga kwa ngumi. Ndilo analotumia Paulo kwa mwiba wake, 2 Wakorintho 12:7. Kofi ni *rapizo*, lile lile la shavu la kuume katika Mathayo 5:39.

Lakini neno linalonifurahisha mimi ni *hupopiazo*: kumpiga mtu chini ya jicho, mpaka pavimbe. Paulo analitumia kwa mwili wake mwenyewe (1 Wakorintho 9:27), baada tu ya kutaja kupigana ngumi. Kisha fungua Luka 18:5. Kadhi dhalimu anaogopa mjane asije "akamchosha". Neno ni hilo hilo! Ni kweli hapo lina maana ya kusumbua mno, lakini mie kila nikisoma namwona mzee yule kashika jicho.

*Dero*, la Yohana 18:23, "wanipigia nini?", asili yake ni kuchuna ngozi. Kufikia Agano Jipya lilikuwa kupiga tu, kwa hiyo usimhubirie mtu kuchunwa hapo.