Daftari la mlisha mbwa

Swali lenu la wiki hii, "Je, ungemruhusu mwanao kucheza gemu za kutisha?", limenigusa pabaya. Jibu langu la haraka ni hapana. Ila kwanza niseme kinachotisha ni kipi, maana wengi mnadhani ni mazombi.

Nilikuwa darasa la sita. Banda la gemu lilikuwa uchochoroni kwetu Temeke, nyuma ya kinyozi, TV tatu na mabenchi, mia kwa zamu. Kaka yangu wa kidato cha tatu ndiye aliyeshika pedi. Gemu ilikuwa Resident Evil ya kwanza, ile ya 1996: jumba la kifahari kwenye milima ya Arklay, na chini yake maabara ya siri ya Umbrella, kampuni ya dawa, vinakotengenezwa virusi vya T, vinavyogeuza watu kuwa mazombi. Kaka akaokota daftari la mfanyakazi anayelisha wanyama. Wenye zamu wakapiga kelele, "Ruka hayo maandishi!" Hakuruka. Akatutafsiria mstari kwa mstari.

Tarehe 9 Mei jamaa anacheza karata na wenzake wa kazini. Tarehe 11 anaamshwa alfajiri, avae suti ya kujikinga, kuna ajali maabara. Kesho yake ngozi inawasha. Halafu mgongo unavimba, anafungwa bandeji kubwa, na daktari anamwambia suti haina haja tena. Hapo kaka akanyamaza kidogo. "Unaona? Walishajua kaambukizwa." Baadaye anajikuna mkono, nyama inadondoka. Mwishoni yamebaki maneno mawili tu, la kuwashwa na la utamu. Mwenye banda, mzee asiyejua Kiingereza, akauliza, "Na mkewe aliambiwa?" Hakuna aliyemjibu.

Sikulala usiku ule. Mumiani tulishamzoea, tulikuwa tukiona gari jekundu tunatimua mbio. Lakini mumiani ni mtu baki, anakuvizia gizani. Umbrella alikuwa mwajiri, analipa mshahara, na jina lake maana yake mwavuli, kitu cha kumkinga mtu.

Leo nafanya kazi maabara, napima damu za watu. Mwaka juzi glavu zilikwisha, mkubwa mmoja akatuambia tuendelee na sampuli hivyo hivyo, hakuna shida. Nilikataa, nikakaa hadi zilipoletwa saa nane. Wenzangu waliniona mkorofi. Nilidhani ni mafunzo ya chuo. Sasa nikiandika haya namsikia kaka.

Kwa hiyo hapana yangu imelegea. Mwanangu ana miaka tisa, bado. Akifika sekondari, labda: hiyo hiyo ya kwanza, mchana, mimi nikiwa pembeni, na daftari lile halirukwi, tutalisoma lote. Mama yake hajakubali. Anasema mtoto anaweza kufundishwa kuuliza maswali bila kuonyeshwa maiti zinazotembea, na sijapata la kumjibu.