Redi teli na reinbo tenki moja wanapigana, nimtoe nani?

SWALI: Kaka habari za kazi. Niko Nyegezi hapa Mwanza, nina tenki la samaki wa mapambo la futi tatu nimelinunua kwa jirani aliyehama, ndani nikaweka redi teli shaki mmoja na reinbo shaki mmoja, wote walikuwa wadogo urefu wa kidole na muuzaji aliniambia hawa ni ndugu watapatana tu. Kweli mwanzoni walikuwa wanakula pamoja. Sasa wamekua, redi teli anamfukuza mwenzie kutwa nzima, reinbo amejibanza nyuma ya filta kichwa juu mkia chini, rangi imefifia amekuwa wa kijivu na pezi la mkia limechanika. Nimeweka majani ya plastiki lakini wapi. Mtu mmoja ananiambia nitafute jike ndo watatulia, mwingine anasema ninunue tenki refu zaidi kwenda juu. Nisaidie, sitaki kumpoteza hata mmoja.

JIBU: Dada yangu pole sana, hiyo ya kujibanza nyuma ya filta kichwa juu inanitosha kukujibu. Mtoe reinbo leo hii. Chukua beseni kubwa au ndoo ambayo haijawahi kutiwa sabuni, weka maji ya tenki hilohilo, pampu ya hewa, kipande cha bomba la PVC ajifiche, alafu funika juu kwa wavu maana hawa wanaruka na wengi wanaokotwa asubuhi wamekauka sakafuni. Kwa kuwa beseni halina filta badilisha nusu ya maji kila siku, na kama ni ya bomba weka kwanza ile dawa ya kutoa klorini. Nakuharakisha kwa sababu samaki aliyeshindwa kwa kawaida hauawi na jeraha, kinachomuua ni kwamba hashuki chini kula na hapumziki, akidhoofika fangasi wanaingia kwenye lile pezi lililochanika na hapo kumrudisha ni kazi kweli.

Sasa muuzaji hakukudanganya, ni ndugu kweli, na tatizo liko hapohapo. Kwanza hawa sio papa kabisa, jina la shaki wamepewa kwa ajili ya umbo na lile pezi la mgongoni, ukoo wao ni mmoja na ningu wako wa Ziwa Victoria. Redi teli alipopewa jina la kitaalamu mwaka 1931 na Mmarekani Hugh M. Smith, aliyekuwa mshauri wa uvuvi kule Siamu, ambayo leo ni Thailand, aliitwa Labeo bicolor, na Labeo ndo jenasi, yaani kundi la kitaalamu, ya ningu, baadaye ndo wakamhamishia jenasi ya Epalzeorhynchos pamoja na reinbo. Muangalie mdomo utaona, umeelekea chini na una ndevu fupi, wa kukwangua ukungu wa kijani kwenye mawe. Reinbo ana mdomo huohuo, umbo hilohilo, chakula hichohicho, tofauti yao ni kwamba mmoja ana mkia mwekundu peke yake na mwingine mapezi yote yana wekundu. Kwa hiyo redi teli anapomuona reinbo haoni mgeni wa aina nyingine, anaona mtu aliyekuja kuchukua shamba lake.

Wakiwa wadogo hawana habari na mipaka, ndo maana dukani utawakuta kumi kwenye tenki moja na wametulia, na hapo wateja wengi wanaponzwa. Redi teli akikua anafika kama sentimita 12, reinbo 15, na kila mmoja anataka kipande chake cha chini na pango lake. Mtoni anayeshindwa anaondoka zake basi yameisha. Kwako ataenda wapi? Akikimbia anafika kwenye kioo, anageuka, anakutana na yuleyule.

Hilo la tenki la kwenda juu achana nalo, utapoteza hela. Tenki la futi tatu la kawaida ni kama sentimita 90 kwa 40 kwa 45, hapo ni lita 162 likijaa mpaka ukingoni, lakini wanachogombania hawa ni ile 90 kwa 40 ya chini, sio lita. Ukiongeza kimo hata mara mbili eneo la chini linabaki lilelile. Ukitaka kupima tenki la samaki wa chini pima sakafu.

Na jike pia hapana. Hawa hawaishi kama mke na mume, jike naye ana eneo lake na atapigwa vilevile, tena kuwatambua dume na jike kwa macho ni shida sana. Nyumbani karibu hawazai kabisa, wanaouzwa wametoka mashambani, hasa Thailand, na kule wanachomwa sindano ya homoni ndo wapate mayai. Redi teli porini anapatikana Thailand tu, mabonde ya mto Chao Phraya, mwaka 1996 aliandikwa kabisa kwamba ametoweka, baadaye wakaonekana wachache na mpaka sasa yuko kwenye kundi la walio hatarini zaidi. Yaani huyo unayemuona anazunguka tenki lako kwao ni adimu kuliko madukani, mi hiyo inanifanya nimtunze kwa heshima.

Kwa hiyo abaki mmoja. Kama una uwezo wa tenki la pili reinbo ahamie huko, kama huna mpe mtu mwenye tenki kubwa lisilo na samaki wa chini, au mrudishe dukani. Ila nakuomba sana dada usimpeleke ziwani. Wewe uko Mwanza, unajua sangara alimwagwa humo miaka ya 1950 na furu, wale samaki wadogo wa ziwa hilo, wangapi wamepotea, samaki wa tenki hawaendi ziwani hata mmoja.

Ukisema lazima wakae wote, basi tenki lianzie futi tano, na bado utakuwa unabahatisha. Weka pango kila upande, katikati panga mawe na magogo mpaka ukichungulia ukiwa usawa wa mchanga usione upande wa pili, kwa sababu wasipoonana hawafukuzani sana. Majani yako ya plastiki yalishindwa hapo, samaki anaona katikati yake. Chakula kiwekwe pande zote mbili kwa wakati mmoja, tembe za mwani au kipande cha tango, mchicha uliopitishwa maji ya moto wanaupenda pia. Baada ya hapo kaa mbali kidogo uwaangalie wakati wa kula, ukiona mmoja hashuki jua imeshindikana.

Huyo atakayebaki usimuache peke yake kama hutaki, mtafutie wenye mbio wanaokaa katikati na juu, taiga babu au danio kundi la kuanzia sita. Siku ya kuwaingiza vuruga mawe yote uyapange upya, mwenyeji apoteze mipaka yake. Gapi na beta wenye mapezi marefu hapana, atawasumbua.

SWALI: Mimi niko Nakuru, tangi yangu ni futi nne na redi teli ni mmoja tu. Naweza kuongeza pleko anisafishie vioo?

JIBU: Ndugu yangu inawezekana, pleko ana magamba magumu hivyo hapigwi kirahisi, lakini usinunue ile pleko ya kawaida ya bei rahisi, hiyo inaweza kupita sentimita 40 na hiyo tangi haitaitosha. Tafuta brisolinozi, ile pleko ndogo, anaishia kama sentimita 12 hadi 15. Mpe pango lake upande ulio mbali na la redi teli, mdomo wa pango uwe mdogo ambao redi teli hawezi kujigeuza ndani, na gogo moja la kukwangua. Mlishe usiku ukishazima taa maana ndo saa zake za kula. Na kwa baridi ya Nakuru weka hita, shikilia nyuzi joto 24 hadi 26, na usimtegemee akusafishie kila kitu, robo ya maji bado utabadilisha kila wiki mwenyewe.