Oni ni zimwi, si shetani

Swali la wiki hii linauliza kama maneno ya katuni za Kijapani na hadithi za ajabu ambayo vijana wameyazoea, kina sensei (mwalimu), chakra na otaku (mpenzi aliyezama kwenye katuni), yanakiharibu Kiswahili. Mimi nina laibrari ya muvi hapa Ngamiani, Tanga. Maneno hayo nayasikia tangu nafungua mpaka nafunga, na jibu langu ni hapana. Kinachoniuma ni kingine, nitakifikia.

Sikilizeni kwanza vijana wanavyoyasema. Jioni wakitoka uwanjani hupitia kwangu kuingiziwa episodi mpya kwenye flashi. Mmoja anajibwaga kwenye benchi, jezi imelowa jasho, wenzake wanamwita warudi wakamalizie mechi, naye anajibu, "Niacheni, chakra imekata." Umeme hukata, maji hukata, bando hukata, na chakra nayo imekata. Hilo ni neno la Kisanskriti lenye maana ya gurudumu. Mchoraji Masashi Kishimoto, aliyeanza kuchapisha katuni ya Naruto mwaka 1999, akalifanya nguvu ya mwilini ya maninja wake. Leo mtoto wa Tanga analipa kitenzi chake cha nyumbani na kila aliye barazani anaelewa. Otaku mmoja, maotaku kumi. Sioni kilichoharibika hapo.

Wazee wakinilalamikia huwauliza kuhusu steringi. Tangu enzi za kanda za video tunasema steringi hafi, steringi kapigwa, steringi kaoa. Ni Kiingereza kilichopindwa hadi kikawa chetu, na hakuna anayekishitaki. Haya ya Kijapani mengi yatakuwa waja leo waondoka leo, kama mji wetu unavyosemwa, na machache yatabaki kama steringi alivyobaki.

Otaku lenyewe limebadilika sana njiani. Mwaka 1983 mwandishi Akio Nakamori alilitumia kwenye jarida moja huko Japani kuwakejeli vijana waliozama kwenye katuni, na kwa miaka mingi kuitwa hivyo ilikuwa aibu. Wateja wangu wanalivaa kifuani kwenye fulana.

Sasa kinachoniuma. Wale wanaotia sauti ya Kiswahili kwenye muvi za kutafsiriwa, ambao kazi yao naipenda na ndiyo inayonilisha, wana neno moja tu kwa kila kiumbe kisicho cha kawaida: shetani. Kina pembe, shetani. Kinaruka, shetani. Kinaishi mtoni, shetani. Hapa Tanga neno hilo si la mchezo. Shetani ni Ibilisi, na pia ni yule anayempanda mtu kichwani hadi apigiwe ngoma apungwe. Mzazi akilisikia likitoka kwenye simu ya mwanawe usiku, ana haki ya kushtuka.

Alikuja mama mmoja dukani kwangu, simu ya mwanawe mkononi, uso umekunjamana. "Mwanangu, wewe ndiye unayewapa watoto wetu mashetani?" Nikampa shikamoo na kiti, nikamfungulia hiyo hiyo katuni aliyoikamata, Kimetsu no Yaiba, ambayo wengi mnaijua kama Demon Slayer. Nikamweleza: kijana Tanjiro amerudi nyumbani akakuta familia yake imeuawa, na dada yake Nezuko amegeuka oni. Oni hao hula watu, na jua likiwapata wanateketea. Kwa hiyo kaka anamtia dada kwenye sanduku, anambeba mgongoni mchana kutwa, na dada mwenyewe anakataa kabisa kula mtu. Mama alitazama mpaka binti alipojitosa kumkinga kaka yake. "Kumbe zimwi," akasema. "Sasa shetani ametokea wapi hapo?" Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kitu cha utotoni, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Katuni nzima ya Nezuko imo kwenye methali hiyo, na ugomvi wote wa nyumba ile ulitokana na neno moja lililowekwa mahali pasipo pake.

Ghala letu limejaa, jamani. Tuna zimwi anayekula watu, jini anayefanya mkataba na watu, mzimu mwenye makazi yake, na anayetaka kujua makazi ni nini aende Mapango ya Amboni, watu huenda kutambika pale. Kappa, kiumbe wa mtoni wa Kijapani anayewavuta watu majini, mtoto wa Pangani angemwita chunusi bila kufikiri. Hata zile hadithi za mtu kuhamia ulimwengu mwingine, wanazoziita isekai, si ngeni kwetu kiasi hicho. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, alichapisha Kusadikika mwaka 1951, hadithi ya nchi ya kubuni inayotuma wajumbe sita, wanne pande nne za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini. Wanarudi na mambo mazuri waliyoyaona huko, wanaishia kifungoni. Mteja wangu mmoja wa kidato cha pili nilimsimulia hayo akaniuliza kama imetafsiriwa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa nyie mnaoshika maikrofoni. Oni akitokea semeni zimwi, kappa semeni chunusi, na shetani mwiteni pale tu anapokuja shetani kweli. Shinigami, yule mtoa roho wa katuni ya Death Note, msimwite Israili. Israili ni malaika, hachezi na roho za watu kwa sababu amechoka kukaa bure, na mtawakera waumini bila sababu. Huyo mwacheni aitwe shinigami. Vijana wangu wameshamzoea, wanasema mashinigami, na wazazi wakiuliza tunawaeleza.