Barua kwa mwanangu: kikapu nilichokifumua

Pangani

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo, mvua imeanza kunyesha usiku usiku, na shangazi yako anakusalimu. Ujumbe wako niliupata juzi, nikausoma mara tatu, kisha nikaamua kukujibu kwa kalamu, kwa sababu jambo uliloniuliza haliwezi kuandikwa kwa kidole kimoja kwenye simu.

Umenieleza kwamba siku za Jumamosi unakaa sakafuni na wanao wawili mkitengeneza vitu vya mikono, na umeniuliza kama uwanunulie kile kisanduku ulichokiona dukani, chenye gundi, makaratasi ya rangi yaliyokwisha kukatwa na picha za kufuatisha, au uanze kumfundisha mkubwa kusuka ukindu, "kama ulivyonifundisha wewe nilipokuwa mdogo". Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoninyima usingizi, na ndiyo nitakayoyajibu, ingawa najua hukuyaweka pale yawe swali.

Kuhusu kisanduku sina mengi. Karatasi haimdhuru mtoto, wala ukindu peke yake haumfanyi awe na busara. Kaka zako walikua wakitengeneza kila walichokiona: magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili zilizokatika, vishada vya chelewa na karatasi za daftari vilivyogandishwa kwa gundi ya unga wa muhogo, mipira ya chandimu iliyofungwa kwa kamba za migomba, na vingalawa vya mti mwepesi vyenye tanga la mfuko wa rambo, ambavyo walivishindanisha pale mto unapoingia baharini. Vifaa havijawahi kuwa tatizo katika nyumba yetu. Tatizo limekuwa mikono ya wakubwa, na hasa mikono yangu mimi.

Marehemu baba yako alikuwa fundi wa majahazi, mtu ambaye mbao ikipinda kwa unene wa ukucha haimpiti, lakini sikumwona hata siku moja akitia tezo lake katika kingalawa cha mtoto. Namkumbuka ameketi mchangani jioni, mikono imezunguka magoti, akimtazama kaka yako mkubwa ambaye chombo chake kilipinduka mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nilimnong'oneza amwambie kwamba mrengu mmoja ni mfupi. Akanijibu kwamba maji yamekwisha kumwambia, asubiriwe asikie. Alisikia siku ya pili yake, akakata mrengu mwingine, na kingalawa kikaenda mpaka tukakipoteza kwa macho. Tangu siku hiyo baba yako alikuwa na usemi wake, nami nimeurithi kwa kuchelewa: kazi ya mtoto haifumuliwi.

Sasa nakuja kwenye kikapu. Sijui kama unakikumbuka.

Ilikuwa mwaka 1993, ukiwa darasa la pili, wakati ule tulipokuwa tukikaa ng'ambo ya mto, Bweni. Mwalimu wenu aliagiza kila mtoto alete katika siku ya wazazi kitu alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Ulichagua kikapu, na tangu siku ya kwanza ulikataa nisikusogelee. Ulichukua chane za masazo yangu, nyeupe na chache nyekundu, ukaziloweka katika beseni la kuoshea vyombo, ukasuka ukili, ule msuko mrefu unaoshonwa uwe kikapu au mkeka, wa upana wa vidole viwili kwa siku tisa, chini ya mwembe, ulimi ukiwa umeutoa nje kidogo kama ufanyavyo hadi leo unapopiga hesabu. Ukili ule ulikuwa mpana hapa na mwembamba pale, kwa sababu ulipokuwa makini ulibana mno, na wenzako walipokuita ulilegeza. Mahali pawili ulisahau kuongeza uchane mpya kabla wa zamani haujaisha, ukaunganisha kwa kufunga fundo, jambo ambalo msusi halifanyi. Ulikishona kwa uzi wa gunia, na kilipokamilika kiliegemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya nyumba ya pili.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, ulipokwisha kulala, nilikipakata kwenye mwanga wa kibatari. Wanawake wa mtaa wote walikuwa wakinunua ukili kwangu, pima kwa pima, wakaushone mikeka, na nilijua kesho yake wote watakuwa wameketi pale kwenye madawati ya wazazi, wakimwona mtoto wa msusi amebeba kikapu kilichopinda. Nilijiambia kwamba ninakusitiri wewe. Nikashika ncha ya uzi, nikafumua.

Ukindu uliokwisha kusukwa, mwanangu, haurudi ulivyokuwa. Kila uchane hubaki na mikunjo mahali ulipopita juu na chini ya wenzake, na katika mikunjo ile niliweza kusoma mahali mkono wako ulipobana na mahali ulipochoka. Niliziloweka chane zile, nikazinyoosha moja moja kwa ukucha, nikasuka upya, wala sikuongeza hata uchane mmoja wa kwangu isipokuwa mahali pa yale mafundo, ili nipate kusema kwamba kikapu bado ni chako. Kabla ya adhana ya alfajiri kilikuwa kimesimama wima.

Asubuhi ulikizungusha mikononi, ukayatafuta mafundo yako mawili kwa kidole, hukuyapata. Ukasema, "Mama, hiki si changu." Nikakujibu kwamba ni chako, chane ni zile zile. Ukanyamaza, ukakibeba umekiweka mbali na mwili, kama mtu aliyetumwa kufikisha mzigo wa jirani. Huko shuleni mwalimu alikiinua juu watu wakione, akakuuliza mbele ya wazazi ni nani aliyekufundisha kusuka vizuri namna ile. Ukasimama, ukajibu kwa sauti iliyofika hadi kwenye madawati ya nyuma: "Kimesukwa na mama usiku. Changu kimefumuliwa."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na mwalimu mwenyewe alitabasamu akakurudisha mahali pako bila neno kali. Aliyekasirika ni mimi. Na hapa ndipo panaponiuma hadi leo, kwa sababu sikujikasirikia nafsi yangu. Nilikukasirikia wewe kwa kusema kweli, na tangu pantoni ilipoondoka hadi ilipogusa ng'ambo sikukusemesha, nawe ulikuwa umeshika upindo wa khanga yangu kwa kuogopa maji kama kawaida yako. Ulikuwa na miaka minane. Hukugusa ukindu tena mbele yangu.

Kwa hiyo unaponiandikia kwamba mimi ndiye niliyekufundisha, naona ni lazima niirudishe shukrani hiyo kwa mwenyewe. Aliyekufundisha ni marehemu bibi yako. Alikuweka kando yake barazani, akakusogezea chane, akaendelea na kazi yake bila kukutazama. Huenda alikuwa akikutazama kwa pembe ya jicho, lakini hukumwona, na hilo ndilo lililohitajika. Ulipomaliza ulikuwa umetengeneza kitu ambacho hakina jina, si kikapu wala kawa, chenye mdomo mkubwa kuliko tumbo. Bibi yako alikipokea kwa mikono miwili, akasema amepata kijamanda cha tambuu yake, na tangu siku ile mpaka anafariki alikitumia. Alikwenda nacho harusini. Wageni walipokitazama kwa mshangao aliwaambia kimesukwa na mjukuu wake, akaendelea kutafuna. Ninacho mimi sasa, juu ya kabati. Sijakinyoosha wala sijakitia uzi mpya, ingawa mkono umeniwasha mara nyingi.

Lakini nisiwe mtu wa kujihukumu upande mmoja tu. Bibi yako huyo huyo, mpole kwako, alinifumulia mimi ukili wangu mara ngapi! Nikisuka pima mbili zenye kasoro moja katikati, alizifumua hadi kwenye kasoro na kunirudishia bila kusema kitu. Mimi ni mtoto wa nyakati za Elimu ya Kujitegemea, ile siasa ya elimu ya Mwalimu Nyerere. Tulianza shule baada ya mwaka 1967, tukafundishwa kwamba mikono ina heshima yake kama kichwa, nasi tulipeleka shuleni fagio za chelewa, vikapu na mipini ya majembe, na vitu hivyo vilitumika kweli. Fagio lisilofagia lilirudishwa nyumbani na mwenyewe. Kwa ukali huo nimekuwa msusi, na ukili huo ndio ulionunua sare zenu na mafuta ya taa mliyosomea. Je, kama bibi yako angeniachia kila kilichopinda, mngesoma kwa fedha gani?

Nimelifikiria sana hili, nami nadhani tofauti ipo, ijapokuwa sina hakika mpaka wake uko wapi. Ukili wa kuuza una mnunuzi, na mnunuzi ametoa fedha yake. Ukiwa na kasoro, mkeka utapinda na yeye ndiye atakayeulalia. Nilipofumuliwa nilikuwa na miaka kumi na miwili, kasoro nilionyeshwa, na aliyerudia kazi ni mimi. Wewe ulikuwa na miaka minane, hukuwa unamuuzia mtu, na nilikufumulia usingizini. Baba yako naye alikuwa na bahari ya kumsaidia: kingalawa kibovu hupinduliwa na maji, na mtoto hamnunii maji. Kikapu hakina bahari yake. Kinangoja macho ya watu, na mimi niliyaogopa macho hayo kabla hayajafika.

Wazee husema udongo uwahi ungali maji. Nimelisikia neno hilo likisemwa na kila mzazi anayetaka kumkunja mtoto, nami nimelisema mara nyingi. Siku hizi najiuliza maswali mengine. Mfinyanzi akiuwahi udongo, chungu ni cha mfinyanzi. Mtoto anapouwahi udongo kwa mikono yake midogo, chungu ni cha nani? Ninyi vijana mna wakati mchache, mnarudi kazini mmechoka na foleni za Dar es Salaam, na ni rahisi sana kumnyang'anya mtoto mkasi ukamaliza mwenyewe ili chakula kipakuliwe. Nakuelewa. Nami nilikuwa na sababu usiku ule. Hata hivyo narudia: kazi ya mtoto haifumuliwi.

Nilisema sina mengi kuhusu kisanduku, lakini ulimi unaniwasha nikuambie usikinunue, hasa kwa zile picha za kufuatisha, maana naona ni mkono wa mkubwa uliotangulia kufika kabla mtoto hajaanza. Upande wa pili, najua majirani zangu hapa walivyofurahi mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Juni 1, 2019, wakisema sasa vikapu vyetu vitarudi sokoni, kisha tukaona watu wengi wananunua mifuko mingine ya bei ndogo na vikapu vimebaki vinaning'inia. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba ukindu utamlisha mjukuu wangu. Kama unamfundisha kwa sababu hiyo, pengine umechelewa. Kama ni kwa ajili ya kukaa naye sakafuni, basi karatasi, ukindu, vizibo vya soda na magunzi ni mamoja. Uamuzi ni wako, na najizuia kwa shida nisiuchukue.

Nimempa dereva wa basi la asubuhi furushi, mkalipokee stendi. Ndani kuna ukindu mweupe, mwekundu na wa zambarau; nimeuanika mwenyewe, nimeuchana na kuuchemsha katika rangi, na chane nimezifanya pana kidogo kwa vidole vya mume wangu mdogo, ambaye nasikia amefika miaka sita na anataka kuoa. Mwambie kwamba mwanamume pia husuka. Uloweke ukindu kabla ya kuanza, usije ukavunjika, na umwanzishe kwa chane tatu kama nywele. Dada yake mdogo mpe masazo achezee. Akiyakata vipande vipande, mwache. Watakapotengeneza kitu, chochote kile, nitumieni kama kilivyo. Ninajua utatamani kukata ncha zinazochomoza. Usizikate.

Nawe unijibu jambo moja, si lazima iwe kwa barua. Uliposema mimi ndiye niliyekufundisha, ulikuwa umekisahau kikapu kile, au unakikumbuka na umenisitiri?

Mama yako